Aliyelipa Ndiye Mzazi

Kakuma, 12 Februari 2024

Mdogo wangu Marie-Claire,

Tunakusalimu sote watatu wa huku: mimi, Mama na Elyse. Mama goti bado linamsumbua, lakini mdomo ni mzima kabisa. Jana amemfukuza muuza maji kwa sababu alijaza mtungi nusu akadai bei ya mzima. Anakuulizia kila siku, na anataka kujua kama shemeji Erupe amerudi kutoka Namoruputh au bado anafuata mbuzi wake.

Utashangaa kupokea karatasi badala ya simu. Laini yangu ilikuwa kwa jina la Lotiir mwenye duka, kwa sababu siku niliyoinunua, kadi yangu ya ukimbizi ilikataliwa. Mwezi uliopita watu wakaambiwa wahakikishe laini zao zote. Lotiir akaenda, akahakikisha zake, na yangu ikiwemo, akapewa laini mpya ya namba yangu. Hakufanya kwa ubaya. Ila sasa mtu akinipigia, simu inalia mfukoni mwa Lotiir. Kwa hiyo nimempa barua hii Adome, dereva wa lori la samaki wakavu wa Longech, aipitishe kwako Kanamkemer, hapo Lodwar. Ikinuka unisamehe.

Sasa jambo lenyewe. Mwanangu Elyse amepata nafasi katika chuo cha uuguzi hapo Lodwar. Nilipoisoma ile barua ya chuo nililia mbele ya wateja, sikuona aibu. Inasema nafasi itathibitishwa kwa malipo kabla ya tarehe 15 Machi, kupitia tovuti yao tu. Nimeuza cherehani ya pili. Pesa ninazo, zimefungwa kwenye kitambaa chini ya mto wangu. Maisha yangu yote nimezoea kukosa pesa. Sikujua kwamba siku nitakayokuwa nazo nitakosa pa kuzipeleka.

Tovuti inataka laini ya mlipaji na namba ya kitambulisho chake. Nimeweka namba ya kadi yangu ya ukimbizi mara nne. Kadi imekwisha muda tangu Septemba, na mpya kila nikiuliza wananiambia inakuja. Tovuti inajibu kwa maandishi mekundu kwamba sitambuliki. Benki nako wamenirudisha, chuo hicho hakipokei kwa benki.

Wewe una kitambulisho cha Kenya, kile ulichokihangaikia miaka yote ya ndoa yako. Pesa nimezitoa leo chini ya mto, Adome atakukabidhi. Lipa kwa laini yako. Nadhani ni kazi ya dakika mbili.

Kaka yako,
Zéphyrin


Lodwar, 21 Februari 2024

Yaya wangu Zéphyrin,

Barua imefika, na kweli imenuka. Paka wa jirani ameifuata hadi mlangoni. Mwambie Mama nimempa Adome dawa ya kuchua goti, na asimpe jirani yeyote hata tone. Erupe hajarudi. Huko Namoruputh mvua imenyesha kidogo, na mvua ikinyesha mume wangu husahau kwamba ameoa. Biashara yangu ya chapati na maharagwe inakwenda; walimu wa shule hii ya karibu wanakula kwa mkopo na kusali kwa sauti.

Unajua, hapa nikisema naandikia yaya wangu, watu wanadhani nina msichana wa kulea mtoto. Wananiuliza mtoto yuko wapi. Nimeacha kuwaeleza kwamba kwetu yaya ni ndugu mkubwa.

Elyse wangu muuguzi. Nimerukaruka jikoni hadi maharagwe yameungua.

Lakini zile dakika mbili zako, yaya, zimenila siku tatu. Laini yangu ilikubaliwa, kitambulisho kikakubaliwa, nikasema asante Yesu. Halafu ukafunguka ukurasa mwingine unaouliza mimi ni nani kwa mwanafunzi. Shangazi haimo. Nikafunga, nikajaribu tena, haimo. Nikapanda boda hadi chuoni na pesa zako kwenye mkoba. Dirishani kuna kijana mmoja mpole, hata kiti alinipa.

"Mama, pesa ya mkono sisi hapana shika hapa," akaniambia. "Ni sistemu tu."

Nikamwambia pesa ni halali, azihesabu mbele yangu, aandike risiti.

"Nikishika hiyo pesa, mimi ndiyo nafutwa kazi. Sistemu inataka mzazi, ndio watu wasilipie mtoto ya wenyewe na pesa ya wizi."

Nikamuuliza, baba yake ambaye mfumo unamkataa afanye nini. Akaniangalia kwa huruma ya kweli, akasema hajui, watu wa sistemu wako Nairobi na hawapokei simu.

Nitatafuta njia. Usimwambie Elyse bado.

Mdogo wako,
Marie-Claire


Kakuma, 2 Machi 2024

Marie-Claire,

Mama anakushukuru kwa dawa, na amempa jirani nusu. Sisi wazima.

Elyse amejua. Aliisoma barua yako nilipokuwa kisimani. Tangu siku hiyo anapika, anatupa chakula, na yeye anasema ameshiba. Ana miaka kumi na minane na amekonda shingo. Umebaki chini ya nusu mwezi. Nimeandika barua ya kumwomba mkuu wa chuo, Adome ameipeleka, mlinzi akamwambia siku hizi barua haziingii, zinatumwa kwa mtandao.

Nina hasira, mdogo wangu, na sijui nimkasirikie nani. Kila mtu ni mpole na kila mtu ananionyesha mlango mwingine. Angalau zamani mtu alikuwa anakukatalia kwa mdomo wake, ukamjua.

Fanya uwezalo. Fanya lolote, hata ukitakiwa kujaza nini. Karatasi ni karatasi tu. Mtoto huyu asikose.

Zéphyrin


Lodwar, 14 Machi 2024

Yaya,

Imelipwa. Jana saa nane mchana, na ujumbe wa kuthibitisha umeingia. Nafasi ni yake.

Aje Jumapili na Adome. Alete godoro, ndoo, sanduku lenye kufuli na vyeti vyake vyote. Sare nitamnunulia mimi huku, usibishane nami. Atalala bweni kwa sababu bweni limeshalipiwa humo humo, huwezi kuchagua kulipa hiki na kuacha kile.

Njia niliyotumia usiniulize leo, nimechoka. Mbusu Mama.

Marie-Claire


Kakuma, 20 Aprili 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Hii ni barua ya pili tangu ulipolipa. Ya kwanza ulimjibu Adome kwa mdomo kwamba una wageni. Nimefurahi kwamba una wageni.

Tangu Elyse aondoke, nyumba imekuwa kubwa ghafla, na Mama anapika kwa watu watatu kisha ananigombeza kwamba sili. Nimekushonea gauni la kitenge cha kijani kwa shukrani. Mabega nimeyapima kwa kukumbuka, na kama umenenepa usinilaumu.

Ninakuomba risiti. Kuna ofisi hapa inayosaidia vitabu kwa wanafunzi wa chuo, na wanataka risiti yenye jina la mwanafunzi na la mzazi. Kwa Elyse nimeagiza mara mbili. Amejibu kwamba risiti unayo wewe. Wewe hujajibu. Ni karatasi moja, Marie-Claire, hata gharama haina.

Kaka yako,
Zéphyrin


Lodwar, 19 Mei 2024

Yaya wangu,

Gauni limenikaa vizuri, mabega umeyapata, kiuno kimenibana lakini hilo ni kosa la chapati. Nimelivaa kanisani. Erupe amerudi, amekonda na anacheka peke yake kwa sababu mbuzi wamezaa. Elyse huja kwangu Jumapili, ananywa chai, analala kwenye kiti na kitabu usoni. Walimu wanamsifu. Joto limezidi mwaka huu, hata waliozaliwa hapa wanalalamika.

Basi. Nimekutumia nakala ya risiti ndani ya bahasha hii. Utaona kwenye nafasi ya mama limeandikwa jina langu. Baada ya hapo mfumo ulidai na baba mwenye kitambulisho, nikaweka cha Erupe. Ulitaka mzazi tu, haukukubali kitu kingine. Ningefanyaje? Erupe nilimweleza aliporudi. Akasema basi huyo ni mtoto wetu, akaenda kumnunulia viatu vyeusi vya darasani.

Usikasirike. Jina la Elyse lenyewe halijaguswa, ni lile lile la kwenye cheti.

Marie-Claire


Kakuma, 27 Mei 2024

Marie-Claire,

Mama ni mzima. Hayo yanatosha kwa salamu.

Risiti yako niliipeleka kwenye ofisi ya vitabu. Yule mama wa pale aliisoma, akaniuliza mimi nimekuja kwa niaba ya nani. Nikasema ni mwanangu. Akanirudishia taratibu, akasema msaada huu ni wa watoto wa wakimbizi, na wazazi wa huyu ni Wakenya wa Lodwar. Nilisimama pale na kofia mkononi. Sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha yenye nguvu kuliko ile yako.

Nilipotoka nilikwenda saiba, penye kompyuta za kukodi, kwa Awoi, yule kijana wa Sudan Kusini. Nikamwomba anifungulie ukurasa ule wa chuo, nione mwenyewe jinsi ulivyokulazimisha. Alifungua kwa sekunde moja.

"Mzee, cheki hapa," akaniambia. "Unachagua. Kuna mama, kuna baba, kuna mlezi."

Nikamwambia arudie. Akarudia, akaniwekea kidole kwenye kioo.

Mlezi. Liko pale, dada yangu, mstari wa tatu, kwa maandishi meusi kama mengine. Uliniandikia kwamba hakuna kitu kingine. Uliniandikia kwa mkono wako.

Unajua kwetu shangazi ni nani. Wewe ni baba wa Elyse kama mimi nilivyo baba yake, ungemwoza, ungemwadhibu, ungepokea mahari pamoja nami. Nilipomweleza Mama, alikaa chini pale pale kwenye vumbi. "Shangazi ni baba mwanamuke," akasema. "Atakuwaka mama namna gani?" Hakula jioni hiyo.

Na mama wa Elyse yupo. Amelala hapa Kakuma tangu 2017. Elyse alikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyemfuta Stéphanie jasho hadi mwisho kwa sababu mimi nilishindwa kutazama. Jina lake nililiandika mwenyewe kwenye simenti mbichi kwa msumari. Ni mahali pawili tu duniani jina hilo lilikuwa limebaki, pale na kwenye karatasi za mtoto wake. Kati ya hapo pawili, pamoja wewe umepafuta.

Rekebisha. Sitaki maelezo.

Zéphyrin


Lodwar, 7 Julai 2024

Yaya Zéphyrin,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Msalimie Mama kama anapokea salamu zangu.

Mlezi ilikuwepo. Nilikudanganya. Ukibonyeza mlezi, mfumo unataka barua ya chifu na kiapo cha wakili, kisha unasubiri siku ishirini na moja za kazi. Niliiona tangu Februari, siku ile ile ya kwanza. Kwa chifu nilikwenda, alikuwa kwenye semina. Nilikwenda tena, akasema mtoto wa kambini si wake, niende Kakuma. Kufikia Machi siku hazikutosha hata ningepata barua. Nilibonyeza mama, na malipo yakapita hapo hapo. Wewe uliandika nifanye lolote, uliandika karatasi ni karatasi tu. Barua yako ninayo.

Ningeweza kuishia hapo, na wewe ungenisamehe. Lakini nimechoka kuficha. Miaka kumi na mmoja niko kwa Erupe na sijazaa. Mama yake akija hapa anaangalia tumbo langu kabla ya kuniangalia uso. Nilipobonyeza lile neno, simu ikaandika: asante, mama Elyse. Mashine tu. Nilikaa jikoni nikausoma ujumbe ule hadi moto ukazimika. Nilifurahi, yaya. Ndiyo maana nilishindwa kukuambia, kwa sababu ningekuambia nimelazimishwa na wewe ungenionea huruma, na mimi sikulazimishwa kufurahi. Stéphanie alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mke wako. Nimemwomba msamaha, sijui kama anasikia.

Kuhusu kurekebisha. Nimekwenda chuoni kwa yule kijana wa dirishani. Mzazi akibadilishwa, malipo yanahesabiwa kuwa ya mtu asiyehusika. Yanarudishwa kwenye laini iliyotuma, nafasi inafutwa, na mwanafunzi anaomba upya na kundi la mwaka kesho, akilipiwa na mzazi wa kweli kwa laini ya mzazi wa kweli. Nilimuuliza kama anaweza kubadilisha jina peke yake, kwa kalamu hata. Akageuza kioo nione. Hakuna mahali pa kalamu.

Kadi yako mpya imetoka? Kama imetoka, na kama utapata laini, tunaweza kujaribu. Kama haijatoka, Elyse atarudi kwako na sanduku lake.

Amri ni yako. Ukisema nibonyeze, nitabonyeza siku hiyo hiyo. Elyse nimemweleza yote. Aliosha vikombe akaondoka.

Marie-Claire


Kakuma, 30 Septemba 2024

Marie-Claire,

Mama amekubali salamu zako. Alichukua muda, lakini Jumapili alikutaja kwenye sala, jina lako lote. Kadi yangu haijatoka.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Nilikuja Lodwar Ijumaa iliyopita, siku ya kuwavisha wanafunzi kofia za uuguzi. Nilipata ruhusa ya siku tatu ya kutoka kambini, nikakaa mbele na Adome. Sikukwambia kwa sababu nilitaka kufika kama baba, nisifike kama mgeni wako.

Getini kuna mlinzi mwenye simu yenye majina. Alinisalimia vizuri.

"Ejok, mzee. Jina ya mwanafunzi?"

Nikataja.

"Wageni yake wameingia wote wawili," akasema. "Wewe ni nani yake?"

Nikasema mimi ni baba yake. Akateremsha kidole kwenye simu, akanisomea jina la Erupe.

"Huyu ameingia saa tatu na mama. Sasa huyu msichana iko na baba wangapi?"

Watu waliokuwa nyuma yangu walicheka, hawakuwa na ubaya. Nikamwonyesha kadi yangu iliyokwisha muda. Akaigeuza huku na huku, akasema haina kazi hapa. Nikakaa kwenye jiwe kando ya geti na koti langu la harusi, ndilo nililovaa. Nikaanza kutafuta kwa macho lori la kunirudisha.

Nadhani mtu alimwambia. Nilimwona Elyse akija mbio na gauni jeupe, na mkono mmoja ameshika kichwa ambacho bado hakikuwa na kofia. Akafika getini, akaniangalia. Akamwangalia mlinzi, akaangalia ile simu. Niliona anafikiri. Wewe unamjua akifikiri, anauma mdomo wa chini kama Stéphanie.

"Huyu ni mjomba wangu," akamwambia mlinzi. "Kaka ya mama."

Mlinzi akafungua.

Nilipopita alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, ndiyo njia iliyokuwepo." Kisha akakimbia kujipanga na wenzake.

Nilikaa nyuma kabisa, nyuma ya kamba za hema. Nilikuona kwenye safu ya wazazi na gauni langu la kijani. Nilimwona Erupe akifuta macho kwa kofia yake, na sikuweza kumchukia. Walipoita mama wa Elyse, ulisimama wewe. Ulimvisha, kofia ikakaa upande, Elyse akainyoosha mwenyewe. Nikapiga makofi pamoja na wengine. Uliangalia upande wangu lakini hukuniona, na mimi niliondoka kabla ya chakula.

Usibadilishe kitu. Mwanangu amesimama mbele ya geti akachagua mstari wake kwenye orodha, kama ulivyochagua wewe, na alichagua haraka kuliko wewe. Nimrudishe nyumbani ili awe binti yangu kwenye jamvi, bila kazi? Anamaliza miaka miwili na nusu ijayo, Mungu akipenda. Ada ya muhula Adome atakuletea mwisho wa mwezi, ukailipe kwa laini yako, kama kawaida. Na kama tovuti itauliza pesa imetoka kwa nani, sasa tunajua nini cha kuandika.

Sijakusamehe bado. Nakwambia ili usije ukadhani. Lakini mlinde, umpikie Jumapili, na akiugua usisubiri barua.

Mjomba wa Elyse,
Zéphyrin